Mahindi Yaliyooshwa kwa Sabuni

Mimi huwajua watu kwa vyombo vyao. Nyuso sizitazami sana. Mtu akija kwenye mashine ya kusaga naangalia debe lake, ndoo yake au gunia lake, na hilo linanitosha. Kuna debe lenye kutu chini, mwenyewe hupenda unga laini kabisa. Kuna beseni jekundu la mama anayekoboa kwanza. Kuna mfuko ulioshonwa kwa uzi wa nailoni, mwenyewe ni mzee anayelalamika kila mara kwamba unga wake umepungua.

Hapa Kiplombe watu hawapangi foleni kwa miguu kwenye kisiagi. Chombo ndicho hukaa kwenye foleni. Unaweka debe lako nyuma ya la mwenzako, unaenda zako, ukirudi unalikuta limesogea. Anayesogeza ni mimi. Nimefanya kazi hiyo miaka sita kwa Mzee Kipyego, mwenye mashine, na sidhani kama katika miaka hiyo nimesema maneno ya kujaza gorogoro moja, lile kopo la kilo mbili.

Korona ilipokuja, foleni ilitoka mlangoni ikafika barabarani. Siku ile kafyu ilipotangazwa, watu waliozoea kusaga kilo mbili walileta magunia. Kwenye duka la Mama Wahu, lililo ukuta mmoja na sisi, unga wa pakiti uliisha kabla ya saa nne, sabuni ikafuata, halafu chumvi, ingawa hakuna aliyejua chumvi ingefanya nini.

"Wanasema malori hayatapita tena Turbo."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Na mashine za kusaga zitafungwa. Zinakusanya watu."

"Wee, basi songa!"

Wanawake wawili wakavutana debe mpaka likamwagika. Nilichukua ufagio nikayakusanya mahindi, nikayarudisha ndani, nikaliweka debe mahali pake. Mama Wahu alikuwa amesimama kwenye mlango wa duka lake, mikono kiunoni.

"Huyu msichana hana moyo, ana jiwe," akasema. "Dunia inaisha, yeye anafagia."

"Mwache," Mzee Kipyego akamjibu. "Kama sisi wote tungekuwa kama Nanzala, kila mtu angepata unga wake na kwenda nyumbani."

Baada ya hapo watu wakaanza kusema nina roho ngumu. Wengine walinisifu. Sikuwakatalia, kwa sababu kukataa nako ni kusema. Lakini haikuwa roho ngumu. Ukikalia mguu muda mrefu unakufa ganzi. Hata ukichomwa mwiba hujui. Hakuna anayeusifu mguu huo.

Ganzi yangu naijua ilikotoka. Tulikuwa tunakaa karibu na Turbo, mama yangu, mimi na Mabonga mdogo wangu. Nilikuwa na miaka tisa, nikingoja shule ifunguliwe niingie darasa la nne. Mabonga alikuwa na minne. Fujo za uchaguzi zilipoanza tulitoka nyumbani bila viatu, tukalala siku mbili kwenye shamba la mahindi yaliyovunwa, halafu kwenye stoo ambayo mwenyewe alikuwa amekimbia. Maduka yote yalikuwa yamefungwa au yameungua. Ndani ya stoo kulikuwa na mfuko wa mahindi ya mbegu, yale yaliyotiwa dawa ili wadudu wasiyale ardhini. Yalikuwa na rangi ya waridi. Mabonga alidhani ni peremende.

Mama aliyaosha. Aliyachemsha kwenye mkebe. Mimi nililala kabla hayajaiva, ndiyo maana sikula. Mama alikula kidogo sana ili mtoto ashibe.

Tulipofika kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret, ambako watu walikuwa wamekusanyika kwa maelfu, Mabonga alikuwa anatapika. Watoto wengi waliugua pale, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ameugua nini. Siku ya tatu alikuwa hayupo. Turbo hatukurudi, na shule sikurudi. Mama alipanga chumba Kiplombe, akaweka begi moja nyuma ya mlango, lenye nguo, kitambulisho na blanketi, na begi hilo lipo hapo mpaka leo. Jina la Mabonga hatukulitaja tena, yeye wala mimi. Miaka kumi na miwili.

Katikati ya Aprili Mzee Kipyego aliweka sheria mpya. Alikuwa ameambiwa na chifu kwamba asipopanga watu vizuri atafungiwa.

"Nanzala, kuanzia leo usiguse mahindi ya mtu. Kila mtu amwage mwenyewe kwenye mdomo wa mashine. Wewe kaa kwa injini. Umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Zamani kabla ya kusaga nilikuwa natia mkono ndani ya kila debe, mpaka kwenye kifundo. Mkono unajua. Unajua mahindi mabichi, yenye fukusi, yaliyochanganywa na changarawe. Sasa nilikaa kando ya injini, nimefunga barakoa, mikono nimeiweka mapajani, na watu wakawa wanamwaga wenyewe.

Ilikuwa Jumanne, kama saa tisa alasiri. Kwenye foleni kulikuwa na ndoo ya bluu, ya rangi ya kupaka nyumba, yenye kiraka ubavuni pale ilipopasuka ikazibwa kwa plastiki ya kuchomwa. Naijua ndoo hiyo. Huja kila wiki mbili na haijawahi kujaa. Siku hiyo ilijaa. Mwenyewe alikuwa amejifunga kipande cha leso mdomoni. Akamwaga.

Injini ikakohoa. Mahindi yenye maji huifanya ikohoe hivyo. Nikapeleka mkono ili nizime, nitazame.

"Wee, usizime!" mtu akapiga kelele.

"Tutalala hapa na polisi?"

"Mwache mama apite! Unga mbichi ni shida yake!"

Mkono wangu ulikuwa umeshafika. Nikaurudisha. Unga ukatoka, mwenyewe akaukinga, akaondoka haraka kama wote walivyokuwa wakiondoka haraka siku hizo. Aliyefuata alikuwa Mama Wahu na nusu gunia lake la kuuza dukani.

Saa kumi na moja na nusu tulifunga. Kila jioni mimi hukung'uta ule mfuko mrefu wa kitambaa ambao unga hupitia ukitoka. Vumbi lake huenda kwa kuku wa Mzee. Nilipoukung'uta jioni ile, kwenye mshono unga ulikuwa umeganda kwa sababu ya maji, na pale ulipoganda ulikuwa na rangi. Rangi kidogo tu. Mtu mwingine angesema ni kutu.

Nikainama kwenye mdomo wa mashine. Kwenye kona punje mbili zilikuwa zimenasa. Niliitoa moja kwa ukucha. Tumbo lake lilikuwa jeupe, safi, lakini kwenye ncha, pale punje inaposhika gunzi, ilikuwa bado ya waridi. Maji hayafiki pale. Nikainusa. Ilinukia sabuni ya kufulia, na chini ya sabuni kulikuwa na ile harufu nyingine.

Moyo haukunienda mbio. Niliitazama punje kwenye kiganja kama niko mbali, kama kiganja ni cha mtu mwingine. Nilijua tu kwamba ni saa kumi na moja na nusu, na watu hupika ugali saa kumi na mbili.

Nikampelekea Mzee Kipyego. Alivaa miwani, akaitazama sana.

"Mbegu," akasema. "Una hakika imetoka leo?"

"Ndiyo."

"Ni nani?"

"Ndoo ya bluu. Ina kiraka."

"Nanzala, nimekuuliza mtu, sijakuuliza ndoo."

Miaka sita ile ndoo ilikuwa ikipita mbele yangu, na sikuwahi kumtazama aliyeibeba.

Mzee aligonga duka la Mama Wahu kwa fimbo. "Mama Wahu! Ule unga wako wa leo umeuza?"

"Kwani unataka kununua?"

"Usiuze. Mtu kabla yako alisaga mbegu yenye dawa. Unga wa mwanzo wa kwako umebeba wake."

Mama Wahu akashika kichwa. Alimtaja Mungu, alitaja nusu gunia, alimtaja Mungu tena. Kwa bahati alikuwa hajalifungua. "Ni nani huyo anataka kutuua? Korona haitoshi?"

"Mwenye ndoo ya bluu," nikasema. "Ya kiraka."

"Sasa wewe unatafuta ndoo ama mtu?" Halafu akatoa mikono kichwani. "Ya kiraka hapa? Hiyo niliuza mimi! Ni ya yule msusi, Mama Akumu. Bwanake yuko Nairobi, amefungiwa huko. Anakaa kule chini nyuma ya kanisa la mabati, plot ya milango ya kijani. Ngoja nimpigie."

Alipiga mara tatu. Mteja hapatikani.

"Stima ilipotea kule tangu jana," akasema. "Simu imezima."

Mzee Kipyego alitazama magoti yake, yasiyoweza tena mwendo mrefu, halafu akanitazama mimi. Mama Wahu naye akanitazama. Nilijua wanachofikiri: kati ya watu wote wa Kiplombe, kazi ya kwenda kugonga mlango wa mtu na kuongea imemwangukia huyu.

"Kafyu ni saa moja," Mzee akasema. "Utafika?"

Nikachukua gorogoro yangu ya unga, ambayo ilikuwa yetu ya chakula cha jioni mimi na mama, nikaitia kwenye mfuko. Nikaenda.

Njia ilikuwa imejaa watu wanaokimbilia nyumbani, kila mmoja akimkwepa mwenzake kama wote wamebeba moto. Mimi nilitembea. Nilijaribu kukimbia lakini miguu ilikataa kuona sababu. Nilikuwa nahesabu tu: maji yanachemka, unga unaingia, mwiko, dakika kumi.

Plot ya milango ya kijani ilikuwa na milango sita inayotazamana, na kamba ya nguo katikati. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji kwenye pipa aliniona nikiingia, akaweka mtungi chini.

"Wee! Simama hapo hapo. Umetoka wapi?"

Nikasimama.

"Namjua," sauti ya mwanamume ikasema kutoka dirishani. "Ni yule wa kisiagi. Leo ameshinda na watu mia mbili. Amekuja kutugawia korona."

"Maski yako iko wapi?"

Nikashika mdomo wangu. Barakoa nilikuwa nimeiacha kwenye msumari wa mashine.

"Mama Akumu ni wapi?" nikauliza. Sauti ilitoka ndogo.

"Ati?"

"Mama Akumu."

Yule mama akaelekeza kwa kidevu, huku akirudi nyuma. Mlango wa nne. Sikuhitaji kuelekezwa zaidi, maana pale mlangoni kulikuwa na harufu ya ugali unaoanza kushika chini ya sufuria. Ugali ukinukia hivyo, umeiva.

Nikagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani? Mlango sifungui. Rudi nyuma."

"Wa mashine."

"Kama nimesahau kitu, nitachukua kesho. Rudi nyuma, nina watoto."

"Msile huo ugali."

"Anasema nini?" akamuuliza mtu ndani. Sauti ya mtoto ikajibu, "Sijui, anaongea chini chini."

Nikasema tena. Dirisha likacheka. "Dada, ongea kama mtu, ama unaombea chakula?"

Kuna sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu utotoni. Sikujua kama bado ninayo. Nikaweka viganja viwili kwenye mlango, nikaitoa.

"Msile! Ni mahindi ya mbegu! Yana sumu!"

Plot nzima ikanyamaza. Halafu Mama Akumu akasogea karibu na mlango, nikamsikia akipumua upande wa pili wa ubao. Sasa yeye ndiye aliyeongea chini chini.

"Nyamaza, tafadhali. Kwa nini unaniaibisha mbele ya watu? Sijaiba. Ni mbegu yetu. Baba Akumu alituachia tupande kwa kile kishamba tulichokodi."

"Najua hujaiba."

"Nipande, nivune Oktoba, na watu wanakufa Aprili? Hapa ndani hakukuwa na kitu. Nimechanganya na mahindi kidogo yaliyobaki. Na nimeosha. Nimeosha kwa sabuni mara tatu, mpaka maji yakatoka meupe. Redio kutwa inasema sabuni inaua. Kama inaua hiyo korona ambayo imeshinda wazungu, itashindwa na dawa ya mbegu?"

Sikusoma kiasi cha kujua sabuni inaua nini na inaacha nini. Nilijua kitu kimoja tu, na hicho kimoja sikuwahi kumwambia mtu.

"Mama yangu pia aliosha," nikasema.

Nikaendelea.

"Mwaka wa fujo, tukitoka Turbo. Tulikuwa hatujala siku mbili. Alipata mbegu kwenye stoo, akaosha, maji yakatoka meupe. Akachemsha. Mdogo wangu akala, mimi nilikuwa nimelala. Alitapika, halafu akashindwa kushika shingo. Siku ya tatu akafa. Alikuwa na miaka minne. Aliitwa Mabonga."

Niliyasema kwa sauti ileile ambayo humwambia mtu bei ya kukoboa. Sikulia. Nilikuwa natazama rangi ya kijani ya mlango, jinsi ilivyobambuka, na chini yake kulikuwa na rangi nyingine, ya kahawia.

Komeo likavutwa.

Mama Akumu alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, labda ananizidi miaka mitano. Nilimtazama usoni, kwa kuwa ndoo haikuwa mkononi mwake. Nyuma yake msichana wa miaka kama tisa alikuwa amesimama kando ya beseni, akinawa mikono kwa povu jingi, akihesabu kimoyomoyo kama walivyofundishwa, na midomo yake bado ilikuwa ikitembea na hesabu. Huyo alikuwa Akumu. Mezani kulikuwa na ugali kwenye sahani, wenye wekundu ambao ungeuona tu kama unautafuta, na bakuli la sukuma wiki. Kwenye kiti kilichosogezwa mpaka mezani aliketi mtoto wa pili, mdogo, na mashavu yake yalikuwa yakienda juu na chini.

"Akello!" mama yake akapiga ukelele.

Alimtia kidole mdomoni. Kikatoka kipande. "Umekula mangapi? Akello, umekula mangapi?"

"Matonge mawili," Akumu akasema. "Nilimwambia angoje."

Akello akaanza kulia. Mama yake akaanza kulia pia, akizunguka chumba, akichukua leso, akiiweka, akiichukua. "Ni mimi. Mungu wangu, ni mimi. Niliyaosha mimi. Niliosha..."

Kwenye mlango watu walikuwa wamejaa, wamesahau umbali wote. Yule mama wa pipani alisema apewe maziwa. Mwingine akasema hapana, apewe maji ya chumvi. Mwingine akaanza kuomba kwa sauti.

"Msimpe kitu," nikasema. "Apelekwe hospitali. Na unga ubebwe waone."

Nilikuwa nimesema polepole, lakini wakanisikia wote. Yule wa dirishani akatoka nje akivaa koti. Alikuwa mwendesha bodaboda, anaitwa Wangila. Hakunitazama.

"Zimebaki dakika kumi na tano," akasema. "Panda, Mama Akumu. Polisi nitaongea nao mimi."

Nikafunga unga kidogo kwenye karatasi pamoja na ile punje, nikampa mama. Alipanda na mtoto kifuani. Walipokata kona, taa ya pikipiki ilikuwa tayari inaonekana, maana jua lilikuwa limezama. Watu wakarudi kila mmoja kwake, makomeo yakalia moja baada ya jingine. Tukabaki mimi na Akumu, na kwangu sikuweza tena kwenda.

Tulichimba shimo nyuma ya choo kwa jembe ambalo lingepanda ile mbegu. Tukazika ugali, tukazika unga, tukafukia, tukaweka jiwe juu ili kuku wasifukue. Niliisugua sufuria kwa mchanga. Halafu nikatoa unga wangu nikapika mwingine. Akumu alikaa mbali akinitazama.

"Wewe onja kwanza," akasema.

Nikaonja. Nikameza, nikafungua mdomo aone. Alingoja muda mrefu kabla ya kunyoosha mkono wake.

"Atakufa?" akaniuliza akitafuna.

"Sijui."

Mtu mwingine angemwambia hapana. Mimi sikujua. Alinitazama, halafu akaendelea kula, na nadhani ilimsaidia kidogo kwamba sikumdanganya. Alilala ameshika sketi yangu. Niliketi nimeegemea ukuta, nikawa siwazi kitu.

Kafyu iliisha saa kumi na moja alfajiri, na kabla ya saa kumi na mbili pikipiki ikaingia plot. Akello alikuwa ameketi mbele, juu ya tangi, mikono yake imeshika katikati ya usukani kama yeye ndiye dereva. Alikuwa ametapika sana, Mama Akumu akasema, walimlaza wakamtundikia maji, na daktari alipoona karatasi ile alijua la kufanya. Alisema mtoto amekula kidogo na amewahi kufikishwa. Mama Akumu macho yalikuwa yamevimba. Alitaka kunishika mikono, akakumbuka korona, akasimama hivyo hivyo mikono ikiwa hewani.

"Nataka chai," Akello akasema. Akanitazama. "Huyu ni nani?"

"Ni wa mashine," Akumu akamwambia.

Wangila alikohoa. "Jana nilikuita mgonjwa."

"Sikusikia vibaya," nikasema.

Mama Akumu aliingia ndani akatoka na pakiti moja ya mbegu ambayo haikuwa imefunguliwa. "Chukua. Sitaki kuiona."

"Ipande," nikamwambia. "Mvua ipo."

Nilipokuwa nikipanda njia kwenda nyumbani kitu kilinichoma hapa, chini ya kifua, kama mguu unapoanza kuamka. Kikatulia tena.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, juu ya begi lake. Alikuwa amevaa viatu. Sijui alikaa hivyo tangu saa ngapi, lakini jiko lilikuwa baridi na mezani palikuwa tupu, kwa sababu unga nilikuwa nimekwenda nao.

"Nilisema ikifika saa kumi na mbili nitoke nikutafute," akasema. "Halafu nikasema, nitamtafuta wapi. Nikakaa."

Nikaketi chini, kando ya miguu yake, nikamweleza. Nilimweleza kuhusu ndoo, punje na mlango. Nilipofika pale nilipogusa mlango kwa viganja, nilisita.

"Niliwaambia kuhusu Mabonga," nikasema.

Mama hakusogea. Jirani alikuwa akifagia uwanja, na tulisikiliza ufagio mpaka ukafika mwisho wa ukuta.

"Uliwaambia niliosha?"

"Ndiyo."

"Uliwaambia mara ngapi?"

"Sikujua mara ngapi, mama."

"Mara nne," akasema. "Ya mwisho kwa majivu. Nikaonja mimi kwanza, nikangoja. Nilipoona sijafa, nikampa."

Nikaweka mkono wangu juu ya kiatu chake. Hakulia, na mimi sikulia. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto anaitwa nani?"

"Akello."

"Akello," akasema, polepole. Akavua viatu, akaingia ndani kuwasha jiko, na mimi nikaenda kuazima unga kwa jirani.

Saa mbili nilikuwa kwenye mashine. Vyombo vilikuwa vimeshapanga foleni mpaka barabarani. Mzee Kipyego alikuwa amepata habari. Mama Wahu alizipata kabla yake. Hakuna aliyenisifu, na nilishukuru. Nilinawa kwa sabuni kwenye ndoo ya mlangoni, nikajipangusa, nikaenda kwenye debe la kwanza, nikatia mkono ndani mpaka kwenye kifundo.

"Wee, si ulikatazwa kugusa?" mwenye debe akasema.

Mzee Kipyego alikuwa amesimama kando ya injini. Alinitazama, kisha akainama kufungua mafuta.

Mahindi yalikuwa makavu. Nikamtazama yule mama usoni, juu ya barakoa yake, nikamuuliza anaitwa nani.